Tusiiache miji midogo ife kimyakimya

Tangu Julai 25, 2024, abiria anayepanda treni ya umeme Dar es Salaam hufika Dodoma kabla saa nne hazijatimia. Watanzania wana haki ya kujivunia reli hiyo, na gazeti hili linajivunia pamoja nao. Lakini kati ya Morogoro na Dodoma kuna miji iliyozaliwa na reli na kulelewa na reli, na leo treni ya haraka inaipita bila kusimama. Tangu furaha ya uzinduzi, hatujasikia kiongozi yeyote akieleza hadharani miji hiyo itaishi kwa kazi gani.

Tuitazame Kilosa. Mji huo ulisimama kwa Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa yaliajiri watu kutoka kila pembe ya nchi, mshahara ukatumika madukani Kilosa, na aliyetafuta hakimu, daktari au karani wa serikali alimpata palepale. Kisha mambo yakageuka moja baada ya jingine. Nyuzi za plastiki ziliua bei ya katani, na nchi iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 ikajikuta haifikishi hata 50,000 katika miaka ya 1990. Barabara kuu ya Dodoma ilipita Dumila na Gairo, ile ya Iringa ikapita Mikumi, Kilosa ikabaki kati bila kuguswa na hata moja. Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo, ukazoa reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha maelfu ya wakazi bila nyumba. Gairo nayo ikajitenga na kuwa wilaya yake. Leo mfanyabiashara wa Wilaya ya Kilosa anayetafuta mahali pa kufungua duka huitazama Dumila kwanza, kwa sababu ndiko malori na mabasi yanakosimama.

Hatusemi kwamba watu wamepungua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, kutoka 44,928,923 mwaka 2012, na wilaya nyingi ziliongezeka. Hapo ndipo hatari inapojificha. Sensa huhesabu watu. Haihesabu fremu zilizofungwa, mashine ya kukoboa iliyong'olewa na kuuzwa, wala mtumishi anayefanya kazi wilayani na kulala mkoani. Mji mdogo hufa watu wangali ndani yake. Kinachoondoka kwanza ni kazi yake: soko lililowakusanya wakulima wa vijiji jirani, kiwanda kilichosindika mazao yao, ofisi iliyomaliza shida zao siku hiyohiyo. Watu huondoka baadaye, na wa kwanza kufunga virago ni wale wenye elimu na mtaji.

Pwani yetu inaijua hadithi hii vizuri. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Pangani ilipokea misafara ya bara kwa miaka mingi, lakini ujenzi wa reli ulipoanzia Tanga mwaka 1893 biashara iliifuata reli, na hadi leo Pangani ndiyo wilaya yenye watu wachache zaidi mkoani Tanga. Mikindani ilizidiwa pale bandari ya kina kirefu ilipojengwa Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Kilwa Kivinje, iliyokuwa soko kubwa la kusini katika karne ya 19, ilinyang'anywa makao ya wilaya yakapelekwa Kilwa Masoko. Maumbile yalikuwa na sehemu yake, maana kina cha maji cha Mtwara hakikuchimbwa na mtu. Lakini uamuzi wa mwisho ulitoka mezani kwa mtu mwenye kalamu, na wenyeji walijulishwa mambo yakiwa yamekwisha.

Baada ya Uhuru tuliendelea kuamua kwa kalamu, safari hii kwa nia njema. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa ya kupewa kipaumbele ili Dar es Salaam isibebe kila kitu: Arusha, Moshi, Tanga, Morogoro, Dodoma, Tabora, Mwanza, Mbeya na Mtwara. Wazo lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Kisha mwaka 1972 ukaja utaratibu wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wananchi zikafutwa, na maamuzi yakakusanywa kwa maofisa wa mkoa na wilaya walioteuliwa na Serikali Kuu. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, lakini kwa miaka kumi miji midogo ilikuwa imeishi bila chombo chake cha kujisemea, na tabia ya kungoja mkoa uamue ilikwishaota mizizi. Kwa maoni yetu, hilo ndilo pigo ambalo miji hiyo haijapona mpaka leo.

Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Kwa Mpanda, Bariadi na Vwawa, zilizofanywa makao makuu ya mikoa mipya, ilikuwa neema. Mkoa mpya huja na ofisi ya mkuu wa mkoa, makao ya polisi, hospitali ya rufaa, matawi ya taasisi za umma na watumishi wenye mishahara wanaohitaji nyumba, chakula na shule za watoto. Hakuna mwenye akili timamu anayepinga mkazi wa Mpanda kusogezewa huduma zilizokuwa mbali. Tunachopinga ni hesabu ya upande mmoja. Kila mkoa unapoanzishwa hutajwa mji unaopata; miji ya wilaya inayopoteza wateja, watumishi na heshima haitajwi kabisa.

Tuchukue hati ya kiwanja. Mwaka 2020 ofisi za ardhi zilishushwa kutoka ngazi ya kanda hadi kila mkoa, hatua iliyowapunguzia wananchi wengi safari ndefu. Lakini mkulima wa Kidete, wilayani Kilosa, anayefuatilia hati Morogoro bado anaanza na bodaboda alfajiri, anapanda gari, anafika mchana, anaambiwa mtandao uko chini au mhusika yuko kikaoni, arudi kesho. Usiku huo analala gesti Morogoro, anakula kwa mama lishe wa Morogoro, na kwa kuwa amekwishafika, ananunua bati, misumari, dawa ya mifugo na sare za shule za watoto kulekule. Alichokifuata ni karatasi moja. Fedha aliyoiacha mkoani ingetosha kumweka mwenye duka wa Kilosa na kijana wake wa kupakia mizigo kazini kwa siku kadhaa. Zidisha mkulima huyo kwa maelfu wanaofuata pasipoti, kesi, vipimo vya hospitali na saini za mkoani, utaona duka la wilayani linafungwa na nini. Wenye maduka hayo si wavivu, kama wanavyosimangwa na baadhi ya watu wa mijini. Wateja wao hupelekwa mkoani na utaratibu tuliouweka wenyewe.

Barabara nzuri nayo ina pande mbili, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Lami inapofika mji mdogo, mazao hutoka haraka na mgonjwa huwahi hospitali. Hilo ni jema na tutaendelea kulidai. Lakini lami hiyohiyo humwezesha mteja kwenda mji mkubwa asubuhi na kurudi jioni, na duka la jumla la wilayani halina ubavu wa kushindana na la mkoani kwa bei. Mtumishi aliyepangiwa wilayani naye huona hana haja ya kupanga nyumba huko. Familia hubaki mkoani, yeye huja Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Mshahara wake unalipwa kwa jina la wilaya lakini hautumiki wilayani. Wakazi wa Pangani wana haki ya kuifurahia barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga na daraja lake juu ya Mto Pangani. Wana haki vilevile ya kuuliza, mapema, nini kitafanyika ili gari linalovuka daraja liwe na sababu ya kusimama upande wao.

Hali ya Dodoma ni nzito zaidi. Tangu Serikali ilipotangaza Julai 2016 kuhamia huko, na tangu manispaa ilipopewa hadhi ya jiji Aprili 2018, mji huo umekua kwa kasi ambayo wazee wake hawakuitarajia. Wakazi wake walikuwa 410,956 mwaka 2012 na kufikia 765,179 mwaka 2022. Vijana wa Mpwapwa, Kongwa na Manyoni wamekwenda kujenga, kuendesha bajaji, kuuza mitumba na kulinda majengo. Wamefuata riziki, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini Mpwapwa ni mji wa zamani, wenye chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa mifugo kilichoanza enzi za ukoloni. Mji wenye taasisi za aina hiyo ulipaswa kuwa kitovu cha ufugaji na usindikaji wa ngozi na nyama kwa Kanda ya Kati. Badala yake unasomesha vijana na kuwapeleka kwingine.

Kusini ndiko kunakotuuma zaidi. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilikopa fedha na kujenga viwanda vya kubangua korosho, vikiwamo vya Masasi, Newala na Nachingwea. Vingi havikuwahi kufanya kazi kwa uwezo wake wote. Uzalishaji wa korosho ulikuwa umeanguka, mashine zilikuwa ngumu kuzitunza, na baadaye vilibinafsishwa. Baadhi viligeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli. Msimu wa mnada unapoanza, fedha humiminika Tandahimba, Newala na Masasi. Pikipiki mpya zinanunuliwa, nyumba zinaezekwa, kumbi za starehe zinajaa. Baada ya miezi michache miji inarudi ilivyokuwa. Korosho inabanguliwa India na Vietnam, na ajira ya kubangua, ambayo ingeshikwa na wanawake wa Newala mwaka mzima, inashikwa na wanawake wa huko. Mkoa wa Mtwara una bandari na una gesi. Wilaya zake zina korosho, na kiwanda cha korosho kinaweza kukaa wilayani bila kungoja meli wala bomba.

Fedha za kujiendesha nazo zimekauka. Mji mdogo wenye mamlaka yake hauna uhuru wa kweli; uko chini ya halmashauri ya wilaya na husubiri mgao. Halmashauri yenyewe imenyofolewa vyanzo. Kodi ya majengo iliondolewa kwenye halmashauri na kupelekwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa mteja anaponunua umeme wa LUKU. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alistahili nafuu hiyo. Lakini aliyeipunguza hakusema taa za barabarani, mitaro na choo cha stendi vitalipiwa na nani. Mgeni anayeshuka stendi yenye tope na giza hahitaji ripoti ya mchumi ili aamue kutowekeza hapo.

Majirani zetu wa Kenya wametupa funzo ambalo tungelisoma kabla ya reli yetu kuanza kubeba mizigo kwa wingi. Serikali yao ilipoelekeza mizigo ya bandari ya Mombasa isafirishwe kwa reli hadi Nairobi, malori yalipungua barabarani, na miji kama Mariakani, Voi na Mtito Andei ikaumia. Gereji, vituo vya mafuta, hoteli na wauza matunda waliokuwa wakiishi kwa madereva walikosa wateja. Wafanyabiashara wa Mombasa waliandamana. Septemba 2022, alipoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kurejesha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Hapo miaka ilikwishapita, na aliyefunga gereji kwa deni hakurudishiwa vifaa vyake. Chalinze, Gairo, Dumila na Manyoni zijiulize kuhusu siku malori yatakapopungua. Serikali ijiulize kabla yao.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo dunia inavyokwenda: watu hufuata miji mikubwa, na daktari bingwa hawezi kukaa kila mji. Ni kweli kwa sehemu. Hatuombi bingwa wa moyo Kidete wala chuo kikuu kila wilaya. Lakini hoja hiyo inashindwa kueleza Kibaigwa. Kibaigwa haikuwa makao makuu ya mkoa wala ya wilaya. Ilipata soko la nafaka kando ya barabara kuu, na mahindi ya Kongwa, Kiteto na kwingineko yakawa na mahali pa kukutana na wanunuzi. Mji ukasimama. Mafinga inasimama kwa mbao za Sao Hill, na viwanda vya mbao vimeisogelea misitu ilipo. Makambako inasimama kwa kuwa njia panda ya reli ya TAZARA na barabara ya Songea. Kahama ilikua kwa dhahabu na biashara mpaka ikaipita Shinyanga, mji wa mkoa wake. Miji hii haikupewa ofisi kubwa. Ilipewa kazi, ama na jiografia ama na uamuzi wa busara, na kazi hiyo ikawabakiza watu.

Kwa hiyo madai yetu yako wazi. Ofisi, mahakama, chuo au stesheni yoyote ya umma inapohamishwa au kujengwa, Serikali itangaze kwa maandishi mji upi utapoteza nini na utafidiwa kwa kazi gani. Tathmini ya mazingira hufanywa kwa vyura na miti, na mji wenye watu unastahili angalau hicho. Huduma za ardhi zishuke hadi wilayani kwa siku maalumu kila wiki, zikiwa na afisa mwenye mamlaka ya kusaini, asije mpokea faili tu. Sehemu ya kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU irudi ilikotoka, mji kwa mji, na kiasi kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila mamlaka ya mji mdogo. Mtumishi wa wilaya aishi wilayani, na Serikali imjengee nyumba ya kuishi badala ya kumtishia kwa waraka.

Kuhusu viwanda tunasema kwa mkazo zaidi. Vivutio vya kodi kwa mwekezaji wa kusindika korosho, alizeti, ngozi au matunda viwe vikubwa zaidi anapojenga Newala, Kongwa au Muheza kuliko anapojenga Dar es Salaam. Umeme wa vijijini umefika mbali. Lakini transfoma ya kijiji inayowasha taa na kuchaji simu haiendeshi kiwanda. Shirika la umeme lipime upya uwezo wa njia zake kwenye miji midogo yenye mazao. Na stesheni za treni ya umeme kama Kilosa zipewe barabara za kuunganisha vijiji, maghala ya baridi na ratiba ya mizigo midogo, ili mkulima wa mboga na maembe aweze kuteremsha shehena yake Dar es Salaam siku ileile aliyoivuna. Reli iliyopita mahandakini milimani karibu na Kilosa kwa gharama kubwa namna ile haiwezi kushindwa kubeba matunda ya Kilosa.

Wabunge wa majimbo ya wilaya hawana pa kujificha katika hili. Wengi husimama bungeni kuomba wilaya igawanywe au mji upandishwe hadhi, kana kwamba kibao kipya cha ofisi kitaleta wateja. Waulize badala yake viwanda vilivyobinafsishwa katika majimbo yao viko wapi, nani anavimiliki, na mkataba ulisemaje kuhusu uzalishaji. Majibu hayo yapo kwenye mafaili ya Serikali na wananchi wana haki ya kuyasikia.

Na wewe msomaji unayeishi katika mji wa wilaya, mkutano wa baraza la madiwani uko wazi kwa wananchi kisheria. Nenda ukae nyuma, usikilize bajeti inaposomwa, kisha mfuate diwani wako nje umuulize ni shilingi ngapi kati ya hizo zitatumika ndani ya mji wenu, na kwa kazi gani.